Nasaba ya Mimea ya Visiwani

Mtu wa visiwani akikutana na mgeni, jambo la mwanzo alitakalo kulijua ni nasaba yake: yeye ni wa nani, wazee wake walitoka wapi, na waliingiaje hapa. Hatuoni ajabu kumsikia mzee akiwahesabu babu zake mmoja baada ya mmoja bila ya kukosea. Lakini mzee huyohuyo, akipita njia ya maweni asubuhi kwenda shamba na jioni kurudi nyumbani, huupita umma mkubwa wa viumbe wenye nasaba ndefu kuliko ya ukoo wowote wa wanadamu, na wote huwapa jina moja tu: pori.

Neno hilo si dogo kama linavyosikika. Likitamkwa njiani halina madhara, lakini likiingia katika jalada la ofisi huwa na maana ya mahali pasipo na kitu, na mahali pasipo na kitu panaweza kutiwa kitu chochote. Mwenye shoka huona kuni, mwenye tanuri huona chokaa, mwenye mradi huona kiwanja. Kila mmoja wao ana haja yake ya haki, wala hatumlaumu kwa kuwa nayo. Tunalosema ni kwamba kabla ya kuamua, yampasa kila mmoja ajue ni nani hasa anayeondolewa. Asiyejua maana haambiwi maana. Na sisi tunaona kuwa maana hii inafaa kuambiwa wananchi wote, na watumishi wa Serikali kabla ya wengine.

Walivyotoka majini

Wataalamu wa elimu ya viumbe wanatufahamisha kwamba kwa muda mrefu sana wa maisha ya dunia nchi kavu ilikuwa jangwa la mwamba na mchanga. Bahari ilijaa uhai, lakini mtu angelisimama ufukoni na kutazama bara, asingeliona jani hata moja. Alama za mwanzo za mimea ya nchi kavu zilizokwisha kupatikana katika miamba ni chembe za spora, yaani vumbi la uzazi, zenye umri wa takriban miaka milioni 470. Wazazi wa mimea hiyo walikuwa viumbe wa kijani wa maji baridi, jamaa za ule utando wa kijani tunaouona madimbwini baada ya masika.

Hapa inafaa tuondoe dhana moja iliyoenea. Wengi wetu hudhani kuwa mimea ya nchi kavu ilitokana na mwani wa baharini. Mwani unaolimwa na akina mama wa Paje, Jambiani na pwani nyingi za Pemba, ambao kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, ni wa kundi la mwani mwekundu. Kundi hilo lina ujamaa wa mbali sana na mchicha wetu au mwembe wetu. Mizizi ya ukoo wa mchicha na mwembe iko katika dimbwi la maji ya mvua, haiko katika maji ya chumvi.

Kutoka majini si jambo jepesi kwa kiumbe asiyeweza kutembea. Majini mmea hauna haja ya kusimama, kwani maji huubeba. Hauna haja ya kutafuta kinywaji, kwani umezungukwa nacho. Wala hauhofii jua. Nchi kavu mambo yote hayo hugeuka kuwa dhiki. Mimea ilijibu dhiki hizo moja baada ya moja, na kila jibu limebaki hadi leo katika miili ya mimea tunayoiona. Ilijipaka nta juu ya ngozi ili isikauke. Ilifungua vitundu vidogo katika nta hiyo ili ipate kuvuta hewa, vitundu ambavyo hufunguka na kufungika kwa kadiri ya maji yaliyopo. Nayo ilifanya urafiki na kuvu za ardhini, ambazo nyuzi zake zilifika pale ambapo mizizi haikufika, zikauletea mmea chumvi za udongo na kulipwa sukari.

Urafiki huo si wa kubuni. Mwaka 1912 daktari mmoja wa Scotland, William Mackie, aligundua karibu na kijiji cha Rhynie mawe yaliyotokana na chemchemi za maji moto za zamani. Ndani yake ilihifadhika bustani nzima ya mimea midogo, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400, ikiwa kamili kiasi cha kuweza kuonekana chembe zake kwa darubini. Humo zilikutwa pia nyuzi za kuvu ndani ya mashina ya mimea. Basi tangu siku za mwanzo mmea haukuishi peke yake, na hadi leo miti mingi ya misitu yetu huishi kwa ushirika huo. Msitu ukiondolewa na udongo ukichomwa moto, anayepotea si mti tu, bali pia mshirika wake asiyeonekana.

Anayetaka kuwaona watoto wa zama hizo hana haja ya kwenda ng'ambo. Na atazame ukuta wa kisima cha zamani, upande usiopata jua: lile zulia la kijani, fupi na laini, ambalo huitwa kuvumwani, ni la kundi la mimea isiyokuwa na mishipa ya kupandisha maji. Kwa kuwa haina mishipa hubaki mifupi, na kwa kuwa mbegu zake za kiume huogelea kuifuata ya kike, haiwezi kuzaana pasipo tone la maji. Duniani kuna takriban aina 20,000 za mimea ya namna hiyo.

Mishipa, mbegu na maua

Hatua iliyofuata ilikuwa ya mishipa. Mmea uliopata mirija ya kupandisha maji, iliyokazwa kwa mti mgumu, uliweza kusimama na kumpita jirani yake katika kuligombania jua. Huo ndio mwanzo wa miti, na misitu ya kwanza inayojulikana ni ya takriban miaka milioni 385 iliyopita. Kangaga tunaloliona kwenye mabonde ya mpunga na kingo za vijito ni la daraja hiyo: lina mishipa, lakini halina ua wala mbegu. Geuza jani lake, utaona nyuma yake safu za madoa ya rangi ya kahawia. Hayo ndiyo makasha ya spora. Kuna takriban aina 11,000 za makangaga duniani.

Misitu ya zama zilizofuata ilikuwa mikubwa mno, na mabaki yake yaliyozikwa kinamasini ndiyo yaliyogeuka kuwa makaa ya mawe. Makaa ya Kiwira na Mchuchuma, kusini ya Tanzania Bara, ni miili ya mimea iliyoishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, wakati Afrika, India, Madagascar na Amerika ya Kusini zilipokuwa bara moja.

Kisha ikaja mbegu. Ubora wa mbegu ni kwamba mtoto husafiri akiwa na chakula chake na nguo yake, naye huweza kungoja mvua. Kati ya mimea ya mbegu iliyo ya kale zaidi tunao mmoja hapa pwani ambao wazee wanaujua vizuri, nao ni mtapo. Kwa mbali hufanana na mtende mfupi, lakini si wa jamaa ya mtende hata kidogo. Hautoi ua, hutoa bunzi, na mtapo dume ni mbali na mtapo jike. Ukoo wake ulikuwako kabla ya kuwako ua lolote duniani. Wazee wa pwani walijua kuwa una sumu, nao walijua pia namna ya kuiondoa kwa kuloweka na kuvundika, ili wapate unga katika miaka ya njaa. Hiyo ni elimu iliyogharimu maisha ya watu kuipata, nasi tunaiacha ipotee bila ya kuiandika.

Maua yalichelewa kuja. Mabaki ya maua ya kale yanayokubaliwa na wataalamu wote ni ya takriban miaka milioni 130. Lakini yalipokuja yaliienea dunia kwa kasi ambayo Charles Darwin mwenyewe, katika barua aliyoiandika mwaka 1879, aliiona kuwa ni fumbo la kukera. Mmea wenye ua haukuutegemea upepo peke yake. Uliajiri nyuki, vipepeo, ndege na popo wabebe chavua yake, na kwa matunda matamu ukawaajiri wanyama wabebe mbegu zake. Leo mimea ya maua ni takriban aina 300,000, ilhali mimea ya mbegu isiyokuwa na maua, kama mtapo na misonobari, ni zaidi kidogo ya 1,000 tu. Karibu kila kitu tunachokula, kuanzia mpunga hadi muhogo na nazi, ni cha mimea ya maua.

Wala macho yasitudanganye. Mvinje wa ufukweni, kwa vijiti vyake vyembamba na vibunzi vyake vidogo, humfanya mgeni aseme kuwa ni msonobari. Sivyo. Mvinje ni mti wa maua kama mwembe, ila maua yake ni madogo yasiyojionyesha, na vile tunavyoviita majani ni vijiti vya kijani vyenye viungo. Majani yake ya kweli ni vimeno vidogo katika kila kiungo. Ndani ya mizizi yake huishi vijidudu vinavyogeuza hewa kuwa mbolea, na ndiyo sababu huweza kustawi katika mchanga mtupu.

Visiwa viwili, historia mbili

Tukiisha kuijua nasaba kubwa, turudi nyumbani. Watu wengi huviita Unguja na Pemba visiwa ndugu, na kwa watu wake ni kweli. Lakini kwa mimea yake, visiwa hivi vina historia mbili mbalimbali, na sababu yake iko chini ya bahari.

Mkondo wa bahari baina ya Unguja na bara hauna kina kirefu. Sehemu zake nyingi ni za mita 30 hadi 50. Takriban miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda katika nchi za baridi, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120 kuliko ilivyo leo. Wakati huo Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa sehemu ya bara, na wanyama na mimea walipita kwa miguu na kwa mizizi. Bahari ilipopanda tena ndipo Unguja ilipotengwa. Kwa hiyo misitu yake ni ndugu wa misitu ya Mrima, na hata chui alikuwako Unguja.

Pemba ni habari nyingine. Mkondo unaoitenga na bara hufika kina cha mita 800 hivi. Bahari ingeshuka mita 120, na hata ingeshuka mita 300, Pemba ingebaki kisiwa. Imetengwa kwa mamilioni ya miaka, na kilichoota humo kilifika kwa njia ya mawimbi, upepo, ndege, popo, au jahazi la mwanadamu. Ndiyo maana katika Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, pana mambo yanayowashangaza wataalamu.

La kwanza ni mpapindi. Mpapindi ni mti wa jamii ya mitende, mwembamba wenye pete shinani kama mwanzi, na kwa asili hauoti porini popote duniani isipokuwa Pemba. Jamaa zake hawako Tanga wala Mombasa. Wako Madagascar na Visiwa vya Ngazija. La pili ni popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye sura ya mbweha, ambaye naye ni wa Pemba peke yake. Popo wa jenasi yake hawapatikani bara Afrika. Ndugu zake wako katika visiwa vya Bahari ya Hindi na nchi za Asia. Popo huyo hula matunda na kuangusha mbegu kila arukapo, basi msitu humlisha naye huupanda msitu. Watu wa kijiji cha Kidike wamekuwa wakimlinda, nao wanastahiki sifa. La tatu ni kichaka cha mmea wa jamii ya erika kinachoota katika mchanga mweupe wa Ngezi, mita chache tu juu ya bahari. Aina hiyo inajulikana Pemba na Mafia, ilhali jamaa zake wengi wa Afrika Mashariki huishi juu ya milima mirefu, katika baridi ya Kilimanjaro.

Na usifikiri kwamba Unguja haina ajabu yake. Msandarusi wa pwani ni mti wenye jamaa ng'ambo ya pili ya dunia: aina nyingine zote za jenasi yake zinaota Amerika ya joto, na wengi wa wataalamu wanafikiri kuwa mbegu zilichukuliwa na bahari zamani sana. Utomvu wake, uliozikwa ardhini pale ambapo miti ilikuwako zamani, ndio sandarusi iliyochimbwa kwa wingi katika karne ya 19 na kusafirishwa kutoka bandari ya Unguja hadi Salem, Marekani, ili kutengenezewa vanishi.

Waliorudi baharini

Baadhi ya mimea, baada ya wazee wake kuhangaika mamilioni ya miaka ili kutoka majini, imegeuza njia na kurudi. Mikoko ni miti ya maua ambayo imejifundisha upya kuishi na chumvi. Mkoko huzuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Mchu huiruhusu iingie kisha huitoa kwa majani, ndiyo maana jani lake ukililamba lina chumvi. Msinzi huinua magoti ya mizizi juu ya tope, na mchu huchomoza mizizi kama kalamu, ili kuvuta hewa katika udongo usiokuwa na hewa. Zaidi ya hayo, mkoko, msinzi na mkandaa hazitupi mbegu. Huotesha mtoto juu ya mti wenyewe, akaning'inia kama mkuki, hata akikomaa huanguka akiwa tayari kuota. Afrika Mashariki ina aina kumi tu za miti ya namna hiyo, na kila moja ina mahali pake katika kupanda na kushuka kwa maji.

Boriti za mikoko zilijenga nyumba zetu za mawe, na upana wa vyumba vya zamani ulipimwa kwa urefu wa boriti. Zilijenga pia nyumba za Oman na Ghuba, ambako majahazi yalizipeleka kila msimu wa kusi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiona nyumba imesimama, ujue pana mti ulioanguka. Hilo si kosa, maadamu mti mwingine uliachwa usimame badala yake.

Wageni tuliowakaribisha

Hatuwezi kuizungumza mimea ya visiwa hivi bila ya kumtaja mgeni mashuhuri kuliko wote. Mkarafuu ni mwenyeji wa Visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Wafaransa wakiongozwa na Pierre Poivre waliutorosha hadi Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 uliletwa Unguja, kisha Sayyid Said bin Sultan akahimiza upandwe kwa wingi. Umetulisha, umetusomesha, na umetupa jina duniani. Mwembe, mfenesi, mdalasini na mgomba nao ni wageni, na hakuna anayetaka waondoke.

Lakini mkarafuu unatupa fundisho lililo zito. Mikarafuu yetu ilitokana na miche michache iliyosalimika safarini, na ukoo uliotokana na wachache huwa na namna chache za kujibu maradhi. Tena tuliupanda kwa wingi mahali pamoja. Mwaka 1872 tufani iliyoipiga Unguja iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho, na lau Pemba isingelisalimika, hali ingelikuwa mbaya zaidi. Anayetegemea mti mmoja hulala na wasiwasi kila upepo uvumapo. Msitu wa asili ni kinyume cha hayo: ni ghala la miti ya kila namna, na ugonjwa au ukame ukiuangusha mmoja, wengine hushika nafasi.

Lililo mbele yetu

Sasa tuseme lile lililotufanya tuandike. Kwa sensa ya mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Kwa sensa ya mwaka 2022 walikuwa 1,889,773. Ongezeko hilo la miaka kumi linataka nyumba, skuli, barabara, maji na moto wa kupikia. Hapana mtu mwenye akili atakayesema kwamba lisikidhiwe ili vichaka vibaki. Mama anayekata kuni maweni hana uadui na mimea. Ana watoto wanaongoja chakula. Naye ofisa anayegawa kiwanja ana orodha ndefu ya waombaji mlangoni.

Lakini tukumbuke ardhi yenyewe ilivyo. Upande wa magharibi wa Unguja una kinongo na kichanga chenye kina, na mti ukikatwa mwingine hupandwa ukaota. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda wa mawe, ambao udongo wake ni ule uliokusanyika katika mashimo ya mwamba kutokana na majani yaliyooza. Kichaka cha maweni kikikatwa na kuachwa miaka ya kutosha, visiki huchipua na kichaka hurudi. Kikikatwa kabla ya wakati wake, tena kikachomwa, udongo huo mchache huchukuliwa na mvua, na jiwe likibaki tupu hapana fedha itakayolivisha tena katika umri wetu. Na chini ya jiwe hilo yako maji tunayoyanywa. Mvua huzama katika mwamba na kuwa maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi. Mahali palipovuliwa nguo yake, uchafu wa juu hushuka pamoja na mvua bila ya kuchujwa.

Nchi yetu haikuanza leo kulifikiri jambo hili. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 ilifungua mlango wa wanavijiji kukabidhiwa usimamizi wa misitu yao kwa makubaliano. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza sehemu hiyo katika orodha yake ya hifadhi za viumbe na mazingira. Kati ya mwaka 2010 na 2014 mradi wa HIMA ulifanya kazi na vijiji vingi vya Unguja na Pemba. Na kabla ya sheria yoyote kuandikwa, wazee waliiacha misitu ya mizimu bila ya kuikata, na mingine imesimama hadi leo. Kwa hiyo tunachokiomba si jambo geni, bali ni kuendeleza lililokwisha anzwa.

Kwa watumishi wa Serikali tunatoa rai tatu. Kwanza, neno "pori" liondoke katika majalada. Kila ombi la kusafisha ardhi ya maweni au ya ufukweni na liwe na ukurasa unaotaja ni miti gani iliyopo, uliotiwa saini na mtaalamu wa misitu na kuthibitishwa na mzee wa kijiji anayeijua. Ukurasa mmoja hauchelewi maendeleo. Pili, wapambanue baina ya kinachorudishika na kisichorudishika. Shamba la mivinje likikatwa hupandwa jingine, lakini Ngezi ikikatwa haipandiki. Hoteli inaweza kusogezwa maili mbili na isipoteze mgeni hata mmoja. Mpapindi hauna pa kusogezwa, kwani dunia nzima kwake ni Pemba. Tatu, vitalu vya miche visiishie katika miti ya kigeni inayokua haraka. Mvule, mtondoo, msandarusi na mfuu nayo ipandwe, hata ikiwa atakayekaa kivulini ni mjukuu.

Kwa wananchi wenzetu tunayo mawili. La kwanza ni subira ya shoka: tukate kwa zamu, tuache miti ya mbegu, tusitie moto mahali tulipokwisha kata, na tushike makubaliano ya kijiji hata pale asipokuwapo mlinzi. Nishati nyingine ya kupikia inapofika kwa bei ya mtu wa kawaida, tuipokee. Na kuifikisha kwa bei hiyo ni kazi ya Serikali, kwani hapana amri itakayozima jiko la kuni ikiwa hapana jiko jingine. La pili ni majina. Mwaka 1949 kilitoka kitabu cha R. O. Williams juu ya mimea yenye faida na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Kuanzia mwaka 1952 hadi 2012 wataalamu wa nchi nyingi waliandika orodha kamili ya mimea ya porini ya Tanzania, Kenya na Uganda, wakahesabu aina 12,104. Hiyo ni kazi ya miaka sitini inayostahiki heshima. Lakini orodha hizo zimeandikwa kwa Kiingereza na Kilatini, na elimu iliyomo katika vinywa vya wazee wetu, ya jina la kila mti, dawa yake, sumu yake na msimu wake, haijaandikwa yote. Kila skuli ingeweza kuwatuma wanafunzi wake kwa wazee wa kijiji, wakarudi na majina ishirini na jani la kila mmoja likakaushwa katika daftari. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Mimea ilichukua takriban miaka milioni 470 kutoka dimbwini hadi kufika hapa ilipo. Mpapindi uliivuka bahari na kungoja Pemba tangu kabla ya mwanadamu kuwa mwanadamu. Mtapo uliona bara zikigawanyika. Wamepita katika ukame, baridi, na kupanda na kushuka kwa bahari, nao wamefika mikononi mwetu wakiwa hai. Kizazi hiki hakiwezi kuongeza hata aina moja katika hazina hiyo; kinaweza tu kuihifadhi au kuipunguza. Akiba haiozi, walisema wazee, na hii ndiyo akiba iliyowekwa kabla ya sisi kuwako. Basi tuisimamie kama mali ya yatima: tuile kwa wema, na mwenyewe akikua aikute.